Metali Nzito na Vimeng'enya vya Ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo ndilo kiwanda kikuu cha kemia mwilini. Chakula kilichokwisha kumeng'enywa, dawa na sumu hupitia humo ili vibadilishwe, vihifadhiwe au vitolewe. Kwa hiyo risasi, kadimi na zebaki ziingiapo mwilini, ini ni miongoni mwa viungo vinavyokutana nazo mapema.

Kazi za ini huendeshwa na vimeng'enya, yaani protini ziharakishazo mabadiliko ya kikemia. Kimoja kati ya hivyo ni alanini aminotransferasi, kiitwacho kwa kifupi ALT. Kwa kawaida kimeng'enya hiki hukaa ndani ya chembe hai za ini, na kiasi kidogo tu huonekana katika damu. Chembe hizo zikijeruhiwa, utando wake huvuja na ALT huongezeka katika damu. Tangu miaka ya 1950, kufuatia kazi ya Arthur Karmen na wenzake nchini Marekani, madaktari wamekuwa wakipima uvujaji wa namna hii. Maabara nyingi huhesabu kuwa kiwango kisichozidi yuniti 40 hivi kwa lita ni cha kawaida.

Metali nzito hujeruhije chembe hizo? Metali hizi hushikamana kwa nguvu na salfa iliyomo katika protini, zikavuruga umbo na kazi yake. Vilevile humaliza glutathioni, kinga ya chembe dhidi ya oksijeni kali, hata mafuta ya utando yakaharibika. Ini hujitetea: hutengeneza protini iitwayo metalothioneini, ambayo huifunga kadimi. Hata hivyo, sehemu ya kadimi hiyo huhamia polepole kwenye figo na kudumu humo kwa zaidi ya miaka kumi.

Uchunguzi wa afya ya wananchi huko Marekani na Korea ya Kusini umeonyesha kwamba wenye kadimi au risasi nyingi zaidi katika damu mara nyingi huwa na vimeng'enya vya ini vilivyo juu zaidi. Lakini mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Moshi wa tumbaku huleta kadimi, na huenda mvutaji akawa pia mnywaji wa pombe, ambayo nayo hudhuru ini. Homa ya ini aina ya B, unene na baadhi ya dawa pia hupandisha ALT.

Kinyume chake ni cha hatari zaidi: ALT ya kawaida si hati ya usalama. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ini lionekanapo zima. Katika bonde la mto Jinzu, Japani, kadimi iliyotoka mgodini iliingia katika mpunga, ikaharibu figo na mifupa ya wakulima. Serikali iliutambua rasmi ugonjwa huo mwaka 1968.

Kwa hiyo fundi ayeyushaye risasi ya betri apimwe risasi yenyewe katika damu, na mchimbaji mdogo wa Geita achomaye dhahabu iliyochanganywa na zebaki apimwe zebaki katika mkojo. Vimeng'enya hueleza kuwa ini limeumia, havimtaji aliyeliumiza.