Usalama wa Dereva Kazini (2): Karatasi Isiyo na Mahali pa Kulala

Wiki iliyopita tulikubaliana kwamba dereva aliyetumwa na mwajiri wake yuko kazini, na barabara ndiyo karakana yake. Leo tuitazame karatasi anayopewa kabla hajawasha gari.

Karatasi ya namna hiyo niliiona Makambako, kwa mama lishe, mikononi mwa dereva wa semi-trela aliyekuwa akipeleka mbolea Tunduma. Ilikuwa na nafasi ya lita za dizeli, nafasi ya posho, namba ya trela, saa ya kutoka Dar es Salaam na saa ya kufika. "Mzee wangu," aliniambia, "hebu nitafutie hapo mahali pa kulala." Nilitafuta mbele na nyuma. Hapakuwapo.

Tupige hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lenye mzigo, ukijumlisha foleni za mizani, vijiji vya kupita kwa kilomita 50 kwa saa na milima ya Iringa na Mbeya, likipata wastani wa kilomita 45 kwa saa limejitahidi. Hizo ni saa 20 za usukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, muda wa ziada ukiwa umo humo humo. Inamtaka ampe saa 12 mfululizo za mapumziko kabla ya kuanza tena, na angalau dakika 60 za kupumzika akifanya kazi zaidi ya saa 5 bila kusimama. Sasa meneja akiandika "kutoka saa 6 mchana, kufika kesho saa 2 asubuhi," hesabu yake ya kilomita iko sawasawa. Kilichoondolewa ni usingizi wa mtu. Gari likipinduka alfajiri, taarifa itasema "uzembe wa dereva," na hakuna atakayeuliza ratiba iliandikwa na nani.

Usingizi haushindwi kwa ujasiri. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde 4 tu, limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Chai kali, redio na dirisha wazi huuchelewesha usingizi kidogo tu. Dawa ni kuegesha na kulala.

Mlima Kitonga, kwenye barabara hiyo hiyo, nao una somo lake. Malori yanayoshuka kuelekea Dar es Salaam, mengine yakiwa na shaba kutoka Zambia na Kongo, yanatakiwa kushuka kwa gia nzito, injini ndiyo iyazuie. Dereva anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinaacha kushika. Hilo madereva wanalijua vizuri kuliko mimi. Lakini ofisi ikimpimia dizeli kwa kumbana, akijua lita zikipungua atakatwa mshahara, mlimani hushawishika kuweka gia huru, "fri" kama wanavyoiita, ili aokoe mafuta. Hapo mzigo wote unaning'inia kwenye breki peke yake. Fundi atakayekagua mabaki ya gari ataandika kwamba breki zilifeli. Kilichozichosha kilianzia kwenye daftari la mafuta.

Vivyo hivyo na malipo ya kwa safari: anayelipwa hivyo hulala kwa hasara yake mwenyewe. Na simu! Bosi anapiga, "Umefika wapi?" Dereva akiwa kwenye kona afanye nini, akatae simu ya bosi? Ofisi yenye adabu hungoja apige yeye akishaegesha.

Makampuni mengi yamefunga vifaa vya kufuatilia magari, na hilo ni jema. Nasikitika tu kwamba wengi huvitumia kulinda dizeli isiibwe. Kifaa hicho hicho kinaonyesha mwendo na saa ambazo gari limetembea bila kusimama. Mtu mmoja apewe jukumu la kuzisoma kila asubuhi, na dereva aliyeegesha kwa sababu ya uchovu asihojiwe kama mkosaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atathmini hatari zinazowakabili watu wake. Wengi hukagua ngazi, nyaya za umeme na mitungi ya kuzimia moto, kisha gari likitoka getini limeachiwa Mungu.

Mwajiri unayesoma haya, kabla gari lako la kesho halijatoka, ichukue karatasi ya safari, uandike kwa mkono wako mji ambamo dereva atalala na saa atakayoamka. Wiki ijayo, Mungu akijalia, tutawatazama maofisa mauzo na mabwana shamba wanaotumwa kazini kwa pikipiki.