Mitambo 365 ya upepo kwenye njia moja ya umeme



Katika kikao cha bloku mzee mmoja aliuliza: upepo wa hapa Kakuma unatujaza vumbi kila siku, mbona hautupi taa? Akasema pia kwamba wenye jenereta wawili wanataka kuunga nyaya zao pamoja ili wateja wasikae gizani. Swali la kwanza linatusaidia kujibu la pili.

Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo. Mmoja hutoa hadi kilowati 850. Yote pamoja, megawati 310. Lakini upepo haupigi sawasawa: mtambo huu unazunguka kwa nguvu, ule unasuasua. Vipi basi haigombani?

Umeme wa gridi ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mmewaona vijana wakisukuma lori lililonasa kwenye mchanga wa laga: wote hungoja "haya!" ndipo wasukume. Mtambo nao hupima gridi kwanza, volti na mapigo, na hujiunga tu vikilingana. Baada ya hapo, upepo ukizidi, mtambo husukuma kwa nguvu zaidi bila kubadili mapigo. Kazi hiyo hufanywa na vifaa vya elektroniki.

Upepo ukipungua, mabwawa ya Mto Tana huongeza umeme, maana kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika kila wakati. Ndiyo sababu mitambo ile haiwezi kusimama peke yake. Ilikamilika mwaka 2017, ikakaa bure zaidi ya mwaka mmoja hadi njia ya umeme ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilipomalizika mwaka 2018. Upepo ulikuwepo muda wote huo!

Sasa jenereta zetu. Hizi za sokoni hazina kifaa cha kupima mapigo ya mwenzake. Ukiunga mbili kwenye waya mmoja, moja huipinga nyingine; nyaya huungua, na nyumba zetu mnajua zimejengwa kwa nini. Anayetaka kusaidiana na jirani aweke swichi ya kubadilishia, ambayo huzima upande mmoja kabla ya kuwasha wa pili, na aifunge fundi wa umeme.

Wenye jenereta wote wanaombwa kufika ukumbi wa jamii Jumanne, saa tatu asubuhi. Fundi atakuwepo na swichi hiyo muione.