Kikombe cha sumu ni kipi?

Mwambie mtu aliyekwisha kuiona The Court Jester kwamba na wewe unaitazama, atakuuliza umefika kwenye vikombe. Wimbo uliokupendeza haumhusu, ingawa hii ni filamu ya nyimbo.

Paramount waliitengeneza mwaka 1955. Danny Kaye ni Hawkins, mcheza maonyesho aliyejiunga na waasi wa msituni wanaomficha mrithi halali wa ufalme. Mrithi mwenyewe ni mtoto mchanga, na alama yake ya kifalme iko takoni, kwa hiyo nepi ikishushwa, mashujaa wenye panga hupiga magoti. Hawkins anaingia kasri kwa kujifanya Giacomo, chale mashuhuri wa wafalme. Asichokijua ni kwamba Giacomo huyo ameitwa kuja kuua watu.

Kinachowagawa watazamaji ni nyimbo. Nyingine zilitungwa na Sylvia Fine, mkewe Kaye, akishirikiana na Sammy Cahn, na wapo wanaosema bila hizo Kaye asingekuwa Kaye. Wengine huona zinakatisha mbio za kisa. Mimi niko na hawa wa pili, walau kwa bembelezi la mtoto: kwetu wakati huo ndio wa kwenda jikoni kutia chai. Wimbo wa mwanzo nausamehe, kwa kuwa Kaye anaucheza katikati ya majina ya waigizaji yakipita.

Muziki wa kweli wa filamu hii umo kwenye maneno yasiyoimbwa. Hawkins anakaribia kupigana na jitu la shujaa, na kabla ya pambano wanapewa kinywaji. Mchawi wa kike amekwisha kutia sumu katika chombo kimoja, akamfundisha Hawkins akitambue kwa picha: chenye mchi au chenye kasri. Kwa Kiingereza majina hayo yana vina, yanapandana mdomoni. Anapoanza kuyakariri sawasawa, anaambiwa kimoja kimevunjika, sumu sasa imo katika chombo chenye joka. Mpinzani naye amesikia, anakariri upande wake. Aliyewahi kunaswa ulimi kwa kale kakuku ka kaka anaijua hofu hiyo. Lakini itafsiri, imekufa. Mchi, kasri na joka havina kina kimoja, na maandishi chini ya kioo hukueleza sumu iko wapi, si kwa nini watu wanacheka.

Kwa asiyefuata Kiingereza kuna upanga. Hawkins amerogwa: ukialisha vidole anakuwa bingwa, ukialisha tena anarudi kuwa mwoga. Anayepigana naye ni Basil Rathbone, mwovu yuleyule wa The Adventures of Robin Hood ya 1938, sasa ana miaka zaidi ya 60 na hacheki hata kidogo. Kutocheka huko ndiko kunakochekesha.

Ilitumia takriban dola milioni 4, fedha nyingi mno kwa kichekesho cha wakati ule, na kumbi za sinema hazikuzirudisha. Televisheni ndiyo iliyoipatia watoto wa kuikariri. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Kwangu mpwa wangu wa miaka tisa ameitazama mara tatu, na bado anakosea kikombe.