Tairi rahisi laweza kumeza faida ya Hiace

MWENYE Hiace kuukuu ya kubebea mizigo huingia Kariakoo na swali moja tu: tairi bei gani? Kwa hesabu ya biashara, swali hilo ni nusu. Nusu ya pili ni tairi hilo litabeba kilo ngapi na litadumu miezi mingapi.

Kwa mfano wa hesabu tu, tairi la mtumba la sh. 90,000 likiisha kwa miezi sita limegharimu sh. 15,000 kwa mwezi. Jipya la sh. 240,000 likidumu miezi 24 ni sh. 10,000.

Uwezo wa tairi umechapwa ubavuni. Tairi la 195R15C lenye namba 106/104 ni la gari la biashara. Ndiyo maana ya herufi C. Namba 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile 104, yaani kilo 900, ni ya magari yanayofungwa matairi mawili mawili kila upande. Tairi la gari dogo, 195/65R15 lenye namba 91, nalo ni la ringi ya inchi 15, lakini uwezo wake ni kilo 615. Ekseli ya nyuma ikilemewa na kilo 1,500, mawili ya namna hiyo yamezidiwa kilo 270 kabla utingo hajapanda.

Umri nao umeandikwa. Mwisho wa alama za DOT huwa na tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai hata kwa bure.

Mtumba wa Japani una mtego wake. Tairi lenye neno STUDLESS ni la majira ya baridi. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu na theluji. Kwenye lami yenye joto huisha haraka. Mnunuzi huona kashata nene, akalipia miezi ambayo hataipata.

Upepo ndio unaopuuzwa kuliko yote. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata joto na mwisho hupasuka. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi, ambako huandikwa kikomo. Magari ya Japani hutumia kilopaskali: 300 ni karibu pauni 43 na nusu. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi.

Kashata zikiisha katikati, upepo umezidi. Zikiisha kingo zote mbili, umepungua. Zikiisha upande mmoja, gari kuukuu lina bushi au boljointi zilizochoka, au magurudumu hayako sawa. Kufunga tairi jipya kabla ya kurekebisha hayo ni kutupa fedha.

Tairi la akiba pia lina umri. Huning'inia chini ya bodi bila kutazamwa, na hukumbukwa gari likiwa limesimama Chalinze usiku, nyanya za watu zikiwa nyuma na soko la alfajiri likikaribia.