Fahamu: Kukoroma si kulala fofofo

Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, huchosha hata anayepita tu. Mchukuzi akisinzia mchana juu ya magunia, wenzake humwita mvivu. Pengine wanamwonea. Anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka akitweta, huenda koo lake huziba usingizini, ndiyo maana husinzia mchana.

Maabara ya usingizi humlaza usiku mzima akiwa na nyaya kichwani na kifuani, na kipimo cha oksijeni kidoleni. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa. Mara 30 au zaidi kwa saa ni hali kali. Mashine ya kusukuma hewa puani, aliyoieleza Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981, huzuia koo lisizibe.

Kusinzia huku kusichanganywe na malale: ugonjwa huo wa mbung'o, ulioangamiza watu wengi Busoga mwanzoni mwa karne ya 20, ni jambo jingine kabisa.