KUUELEWA UTABIRI WA UPEPO KATIKA KIJIJI KIDOGO

Kila siku Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa saa 24 zijazo, ukiwamo upepo wa pwani. Tangazo huweza kusema kuwa upepo utavuma kutoka kusini-mashariki kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa. Maneno hayo ni machache, lakini kwa chama cha ushirika cha wavuvi yanahusu roho za wanachama na mali yao. Yafaa kila katibu ayaelewe.

Kwanza ni mwelekeo. Upepo hutajwa kwa upande utokako, si uendako. Ule wa kusini-mashariki ni Kusi, ambao hutawala katikati ya mwaka. Ule wa kaskazini-mashariki ni Kaskazi, wa Desemba hadi Machi. Mwelekeo huonyesha ni ufuko upi usio na kinga. Kimbiji, upande wa Kigamboni, hutazama bahari kuu, na Kusi hukifikia bila kizuizi. Bandari ya Dar es Salaam imekingwa na nchi kavu.

Pili ni kasi. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo wa upepo huwa mara nne. Hivyo tanga lililosukumwa na upepo wa kilomita 20 litasukumwa mara nne zaidi na ule wa kilomita 40. Ndiyo sababu matangazo ya kutahadharisha hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2.

Tatu, tarakimu hizo ni wastani wa eneo kubwa. Mivumo ya ghafla huzidi wastani huo. Kimo cha mawimbi nacho, katika utabiri wa bahari, kwa kawaida ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi moja moja huweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho.

Hapo ndipo mwanachama akaaye Chang'ombe huweza kukosea. Chang'ombe ipo nyuma ya bandari, na nyumba na maghala huuvunja upepo. Mwenye hisa katika mashua akiona nguo zimetulia kwenye kamba, hudhani bahari nayo imetulia. Hata mvuvi aliye ufukweni huweza kudanganyika alfajiri, upepo mwanana wa bara unapovuma. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo wa bahari hujiunga na Kusi, na mashua iliyotoka kwa raha hurudi kwa taabu.

Kwa sababu hiyo, mambo matatu yanafaa kufanywa na kila chama. Katibu aandike utabiri kwenye ubao wa mwaloni, pamoja na tarehe na saa. Kisha aandike kitabuni hali iliyoonekana hasa: vumbi na karatasi zikipeperuka, upepo ni kilomita 20 hadi 28, miti midogo ikiyumba, ni 29 hadi 38, matawi makubwa yakitikisika, ni 39 hadi 49. Baada ya msimu mmoja, chama kitajua ufuko wake hutofautianaje na utabiri.

La tatu ndilo kubwa zaidi: mkutano mkuu uamue mapema kiwango ambacho kikifikiwa, mashua ya chama haitoki. Uamuzi huo usiachiwe nahodha peke yake alfajiri, huku anadaiwa na nyumbani hakuna unga.

Mei 2024, Mamlaka ilipotahadharisha juu ya kimbunga Hidaya, safari za boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Ikiwa vyombo vikubwa namna hiyo vilingoja, si aibu kwa mashua ya tanga kungoja. Siku moja bila samaki hufidiwa. Mashua ikizama, deni la injini hubaki juu ya chama, na mtu aliyezama hafidiwi.