Sindano ya moto isikudanganye

Msomaji, ulitosha tablo ya motokari kuipaka rangi mupya, na sindano ya moto ukairudisha kwa kukisia tu? Angalia! Ikikaa chini kidogo, itakuambia motere iko baridi, kumbe kichwa chake kinaanza kupindama.

Motere ikiwa imepoa, tosha ile sonde inayopima moto, uzibe tundu lake. Iunge kwa waya mirefu. Chuma chake nacho kifungwe kwenye chuma cha motokari. Uitie katika maji yanayochemka, pamoja na termometa. Hapa Lubumbashi, karibu metre 1200 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 96 hivi, si 100; hata mafundi wanasahau. Fungua kontakti, ungoje, ndipo usukume sindano polepole kwenye namba ya termometa.

Maji ya radiatere yaliyomwangika, uyarudishe mbele ya kuwasha.